Amplifaya ya kanisani inaunguruma, ninunue waya wa umeme wa laki nne?

MpigaKinanda: Wakuu, nimekwama. Amplifaya yetu inaunguruma mfululizo hata kwaya haijafungua mdomo. Wa dukani anasema kuna waya wa kuingizia umeme, laki nne, unasafisha umeme. Jumapili anakuja askofu. Ninunue?

MzeeWaMasafa: Enzi za bendi tulichomekea waya wa pasi, watu wakacheza mpaka kukakucha.

DadaSoprano: Sadaka za wajane hizo. Baraza la wazee linajua?

FundiKoili: Umeme umesafiri kilomita kibao kwenye nyaya za kawaida, mita moja ya mwisho itausafisha vipi? Kazi hiyo inafanywa ndani, na transfoma, dayodi na kapasita. Chomoa waya wa sauti kwenye amplifaya. Ukibaki muungurumo, kapasita zimechoka, huo ni wa hezi 100. Ukiisha, unaingilia kwenye waya wa sauti.

MpigaKinanda: Umeisha. Mixa, ile ya kuchanganyia sauti za maiki, iko mlangoni, soketi nyingine.

FundiKoili: Ethi, ule waya wa kwenda ardhini, zipo?

MpigaKinanda: Swali langu ni waya jamani.

FundiKoili: Ethi, mkuu.

MpigaKinanda: Fundi wetu alizikata zote mbili, muungurumo ukapungua. Maiki inapiga shoti midomoni, ila ndogo tu, waimbaji wanavaa kandambili. Fundi ana uzoefu.

DadaSoprano: Yesu wangu!

FundiKoili: Transfoma ikivuja, bodi ya mixa inabeba volti 230 na maiki pia. Ethi zirudishwe leo. Kisha mixa na amplifaya zichomekwe soketi moja kwa ekstensheni nene, na waya wa sauti uwe wa XLR, pini tatu: nyaya mbili zinabeba sauti kinyume, muungurumo unaoziingia sawa unafutana.

Kijana_Moro: Chai hii. Nani anaimba na kandambili mbele ya askofu? Huyu anauza waya.

MpigaKinanda: Nimetaja duka gani?

MzeeWaMasafa: Sisi mpiga besi wetu alirushwa jukwaani, hiyo si chai.

FundiKoili: Iwe chai isiwe chai, kuna mtu anasoma hapa na ethi yake imekatwa.

MpigaKinanda: Fundi anazirudisha jioni. Ila laki mbili nilishatanguliza dukani, na hazirudi.

FundiKoili: Mwambie akupe waya wa spika, shaba ya milimita 2.5 za mraba. Spika ziko mbali?

MpigaKinanda: Mita kumi.

FundiKoili: Kwenda na kurudi ukinzani ni omu 0.14, kwa spika ya omu 8 inatosha kabisa. Akigoma, muulize ule wa laki nne una omu ngapi.