Taa ya bei nafuu kwa tangi la samaki lenye mimea, sm 60

KiooNaMaji:
Habari wakuu. Tangi langu lina urefu wa sm 60, upana sm 30, kimo sm 36, na changarawe ya sm 5 chini. Mfuniko ulikuja na taa ya LED ya buluu na nyeupe, wati 6. Nimepanda valisneria nyuma, kriptokorini mbele na anubiasi katikati. Valisneria imekonda na kuwa njano, kriptokorini majani yameyeyuka. Taa zilizotengenezwa kwa ajili ya akwariamu siziwezi, nina kama sh. 40,000. Taa za kawaida za nyumbani zinafaa? Wati ngapi? Na ile 3000 au 6500 kwenye boksi ina maana gani?

MajaniChini:
Zinafaa kabisa, mmea hausomi jina kwenye boksi.

Usinunue kwa wati, nunua kwa lumeni. Wati ni umeme ambao taa inakula, lumeni ni mwanga inaotoa. Tangi lako likijaa ni lita 65, lakini ukitoa changarawe na sm 3 za juu, maji yenyewe ni kama lita 50. Mimea yako yote mitatu inaridhika na lumeni 20 hadi 30 kwa lita, kwa hiyo unatafuta 1,000 hadi 1,500. Ukipita 40 kwa lita bila kuingiza hewa ya ukaa, utakuwa unalima mwani.

Ningechukua tyubu za LED za futi 2, mbili, za wati 9 au 10. Futi 2 ndiyo sm 60 yako, kwa hiyo mwanga unafika kona zote bila kuhangaika. Kila moja hutoa takriban lumeni 900. Kwenye karatasi mbili zinazidi, ila sehemu ya mwanga hupotea pembeni na kwenye kioo cha juu, hasa kikiwa na madoa ya chokaa. Kifute kila wiki.

Namba 3000 na 6500 ni rangi ya mwanga, haipimi nguvu. Mimea hukua kwa zote mbili. Chagua 6500 kwa sababu ya macho yako tu: kwenye 3000 maji yanaonekana kama chai ya rangi.

Balbu nazo zinawezekana, mbili za wati 9, lakini balbu inamwaga mwanga kila upande, hivyo lazima iwe na kofia inayouelekeza chini. Usiifungie ndani ya mfuniko usiopitisha hewa. Joto linaua saketi iliyo kwenye shingo ya balbu kabla ya LED zenyewe.

WayaNyekundu:
Naongeza mawili. Taa ya fladi ya wati 20, zile za kufunga ukutani nje, inafaa pia na haiogopi unyevu. Inatawanya mwanga kwa nyuzi 120, kwa hiyo ining'inize sm 20 hadi 25 juu ya maji. Ukiilaza juu ya kioo, katikati kutaungua na pembeni kutabaki giza. Pima kwa mkono kabla ya kulipa: fladi iliyoandikwa wati 50 huku nyepesi kama kiberiti, hiyo wati 50 ni ya kwenye boksi tu.

Taa za mkanda: chukua nyeupe ya volti 12, LED 60 kwa mita, aina ya 5050. Inakula wati 14.4 kwa mita. Kata vipande vinne vya sm 50 (kata penye alama tu, kila baada ya LED 3), vibandike kwenye chaneli ya alumini ili vipoe, halafu kila kipande kipate waya wake wa chanya na hasi moja kwa moja kutoka kwenye adapta. Jumla wati 29, yaani ampea 2.4, kwa hiyo adapta ya ampea 3. Ukiweka ya ampea 2 itachemka na kufa. Ziba ncha zote kwa silikoni. Mkanda wa IP65 (alama ya kiwango cha kuzuia maji) huvumilia matone, hauvumilii kuzama.

Umeme na maji: waya wa kila kifaa uache ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Na chomoa kabla ya kutia mkono majini. Kila mara.

Mzamiaji_Polepole:
Hesabu ni nzuri, ila mimi nisingewasha tyubu zote mbili mwanzoni. Funga mbili, kila moja na swichi yake, washa moja kwa wiki tatu. Ikiwa valisneria haitoi majani mapya, ndipo uwashe ya pili.

Saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nunua taima ya kuzungusha, weka saa 6 kwa siku, baadaye 8, usizidi hapo. Vioo vikigeuka kijani, punguza saa moja kabla ya kulaumu taa.

Na si kila ulichotaja ni kosa la taa. Kriptokorini huyeyuka ikihamishwa; usiing'oe, mizizi ikiwa hai majani yatarudi. Anubiasi usizike lile shina nene la kulala, litaoza. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe.

KiooNaMaji:
Asanteni sana. Nichukue tyubu basi. Je, nikilisogeza tangi dirishani niokoe umeme? Na mbolea ya NPK ya bustanini?

MajaniChini:
Dirishani hapana. Jua huwezi kulizima, maji yatachemka mchana na mwani utashukuru. Umeme wenyewe si mwingi: wati 20 kwa saa 7 kila siku ni uniti 4.2 kwa mwezi.

NPK ya bustani usitie. Nyingi zina amonia au urea, samaki watakufa kabla mmea haujanufaika. Kinyesi cha samaki kinaitosha mimea hiyo kwa sasa.