Bomba la kupigia dawa la sola: linafaa kwa ekari moja na nusu ya nyanya?

Bonde la Ilula
Wakuu, habari za mihangaiko. Nalima nyanya huku Ilula, wilaya ya Kilolo, ekari moja na nusu. Mpaka sasa natumia bomba la mkono la lita 16, na msimu huu bega limegoma. Mkono mmoja unapampu, mwingine umeshika fimbo ya kupulizia. Ukifika bomba la nne presha inakuwa ya kubahatisha. Mche huu umelowa chapachapa, unaofuata umepata matone mawili. Na kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na nyanya, hasubiri upumzike.

Dukani nimeonyeshwa mawili. Moja la betri ya kuchaji. La pili ni hilo hilo, ila mfunikoni kuna kipaneli cha sola, na bei imepanda kwa zaidi ya elfu sitini. Muuzaji anaapa kuwa la sola linajichaji lenyewe huku unapiga dawa, umeme utausahau. Shambani umeme hakuna, na nyumbani nguzo zimepita ila sijaunganisha. Aliyewahi kutumia anipe ukweli. Nawasilisha.

Jembe Halimtupi Mtu
Chukua la sola mkuu. Jua la Mungu halina bili.

Fundi wa Mabetri
Bili haina, ila hesabu inayo. Mabomba mengi ya aina hiyo yana betri ya volti 12, AH 8 (ampea-saa 8). Pampu yake ikiwa kazini inakula wati 30 hivi. Kipaneli cha mfunikoni mara nyingi ni wati 5, na hizo 5 unazipata kikiwa kimelitazama jua wima. Wewe kiko mgongoni, kimeinama unavyoinama, na kofia yako inakitia kivuli. Kinachoingia ni kidogo mno mbele ya kinachotoka.

Halafu fikiria ni lini unapiga dawa. Asubuhi mapema au jioni, si ndiyo? Jua kali la saa sita, ambalo paneli inalitaka, ndilo ambalo wewe hutakiwi kuwa shambani na dawa.

Na mvua zikikolea, bakajani, ule ugonjwa wa ukungu, unapamba moto, ndipo utapiga dawa mara nyingi zaidi. Wingu limetanda siku nzima. Hicho kipaneli kitakuangalia tu.

Mama Vitunguu
Niko Ruaha Mbuyuni, kwangu ni vitunguu. Bomba la betri kaka yangu nunua, usisite. Ukungu unatoka laini na ni ule ule mwanzo wa bomba mpaka mwisho. Ila kama unawalipa vibarua kwa idadi ya mabomba, badilisha mtindo kabla hujalipeleka shambani. Kwa bomba la mkono kibarua alikuwa anachoka, kwa hiyo anaenda. Hili halichoshi. Kijana anasimama kwenye tuta moja kabana kitufe, dawa inachuruzika chini, bomba linaisha, anakuja kuhesabu. Mimi nalipa kwa eneo.

Bonde la Ilula
Hahaha dada umenigusa, wangu nawalipa kwa bomba. Fundi nimekuelewa. Sasa nikichukua la betri tupu, nalichajia wapi? Nyumbani nina sola ya taa na simu, paneli ya wati 50.

Fundi wa Mabetri
Ungeanza na hilo mkuu! Una paneli ya wati 50 juu ya bati halafu unataka kulipia ya wati 5? Betri ya bomba ikijaa inabeba kama wati-saa 96. Paneli yako, jua likiwa zuri kwa saa tano, hata ukitoa kinachopotea njiani, inaijaza na taa zikabakiwa na kitu.

Ila usichukue waya wa paneli ukaugusisha moja kwa moja kwenye betri. Paneli ya volti 12 ikiwa juani bila mzigo inafika volti 20 na ushee. Ukiiacha hivyo siku nzima unaipika betri. Nunua kontrola ndogo ya kudhibiti chaji, ipitishie hapo. Na usiiunganishe sambamba na betri kubwa ya taa; ichaji peke yake mchana, jioni rudisha waya za taa.

Jambo la pili: betri ya asidi ukiikamua mpaka pampu ianze kukohoa, haikai. Mimi nawaambia wateja wasizidishe mabomba saba au nane kwa chaji moja. Wewe una ekari moja na nusu, kwa hiyo gawa kazi kwa siku mbili au tafuta betri ya pili. Ukipata lenye betri ya lithiamu ni jepesi na linavumilia zaidi, ila bei yake iko juu.

Mzee wa Ugani
Mnaongea betri tu, dawa mmeisahau. Kijana, pampu ya umeme inatoa maji kwa kasi tofauti na mkono wako. Ukiendelea na kipimo cha zamani hujui unamwaga kiasi gani kwa ekari. Pima mraba wa mita 10 kwa 10 ndani ya shamba lenyewe. Weka maji matupu, piga kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia yamepungua lita ngapi. Zidisha kwa 40, hiyo ndiyo ekari moja. Zikitoka lita 4, ekari inakula 160, yaani mabomba kumi. Hapo sasa ndipo usome lebo na ugawe dawa.

Nozeli ya kutoa koni ndiyo ya wadudu na ukungu, elekeza na chini ya jani. Ya magugu ni ile bapa, na ukiweza bomba la magugu liwe la peke yake kabisa. Dawa za unga koroga kwanza kwenye ndoo, chuja, ndipo umimine. Pampu hizi zinaziba upesi. Na huo ukungu laini anaousifu Mama Vitunguu ndio unaopeperuka mpaka puani. Barakoa, glavu, buti. Upepo ukiamka, acha.

Bonde la Ilula
Shikamoo mzee. Nimeandika yote. Basi nachukua la betri ambalo lina na mpini wa mkono, ili chaji ikikata nimalizie. Dukani nikague nini?

Mzee wa Ugani
Marahaba. Betri namwachia fundi.

Fundi wa Mabetri
Waambie watie maji, uliwashe mbele yao. Ukiachia kitufe cha fimbo, pampu inatakiwa inyamaze yenyewe. Ikiendelea kunguruma, swichi ya presha ni mbovu, liache. Livae likiwa limejaa uone mikanda na kama mfuniko unavuja shingoni. Uliza kama wanauza pampu na betri peke yake, maana hivyo ndivyo vitakavyokufa kwanza. Na msimu ukiisha usiliweke stoo betri ikiwa tupu. Ijaze, chomoa waya, kila mwezi irudishe kwenye chaji hata kama hulimi.