Wajukuu wa Kukhu (kikundi cha familia, Jumapili jioni; kukhu ni nyanya, senje ni shangazi)

Mjomba Kiti: Hamjambo nyote. Neema, umenyamaza sana. Ile kazi ya Naivasha ilifika wapi?

Neema: Salama mjomba. Bado.

Mjomba Kiti: Bado tena? Kijana wa jirani yangu mlimaliza mwaka mmoja, saa hii yuko benki na tai.

Neema: *Ujumbe huu umefutwa*

Senje Lanet: Neema, nimeusoma kabla hujafuta.

Neema: Senje, tafadhali.

Senje Lanet: Hapana, hili si la kubeba peke yako. Jamani, ameitwa intavyu Alhamisi na anasema haendi.

Fredi Kisumu: Aii Senje, hiyo ilikuwa siri ya mtu!

Mama Neema: Intavyu gani? Tunakula sahani moja na mimi sijui?

Neema: Mama, sikutaka uanze kufunga na kuomba kwa kitu ambacho hakitatoka. Ni ushirika wa wafugaji kule Njoro. Wanataka mtu wa takwimu, mkataba wa miezi sita.

Fredi Kisumu: Na wewe si umesomea takwimu?

Neema: Hapo ndipo kuna shida. Ingekuwa kazi ya kitu kingine ningeenda, nikianguka ningesema sikusomea. Hii nikianguka nitasema nini?

Neema: Hata hiyo kozi ni KUCCPS, wale wa kupanga wanafunzi vyuoni, walinipangia, ilikuwa chaguo langu la tatu. Nilisoma nikapita. Sasa nikifungua zile notsi za R, ile programu ya kompyuta ya takwimu, naona ni kama zimeandikwa na mtu mwingine. Wenzangu mmoja yuko Nairobi, mmoja yuko Qatar. Mimi nauza dawa ya kupe dukani kwa mama.

Mama Neema: Dawa ya kupe ndiyo ilikulipia karo.

Neema: Najua mama. Sijaidharau.

Fredi Kisumu: Neema, nikwambie kitu na Mjomba asinicheke. Niko kazini mwaka wa pili. Kila Jumatatu nikipanda matatu hapa Mamboleo nafikiri leo ndio bosi atagundua sijui kitu. Mkutano ukiisha bila mtu kuniuliza swali, nasema asante Mungu, tumevuka wiki.

Mjomba Kiti: Nani acheke. Mimi nilidhani wewe ndiye bosi.

Senje Lanet: Hiyo kitu ya Fredi huwa nawafundisha wasichana wangu wa Kidato cha Nne kwenye ushauri nasaha.

Brayo: Mwalimu ameingia, simameni 😂

Senje Lanet: Kaa chini Brayo. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake waliofaulu sana masomoni na kazini, ambao moyoni waliamini wamebahatisha tu na siku moja watafichuliwa. Vyeti havikuwasaidia. Kila walipofaulu walitafuta sababu nyingine: bahati, au msahihishaji alikosea. Neema, ulipopata daraja la pili la juu ulituambia nini?

Neema: Kwamba mtihani ulikuwa rahisi. Na ulikuwa rahisi!

Brayo: 😂😂 Mgonjwa amekiri

Neema: Lakini Senje, hao walikuwa na kazi na sifa, wakazikataa. Mimi sina cha kukataa. Ukituma maombi na hakuna hata anayejibu, kujitilia shaka si ugonjwa, ni hesabu.

Senje Lanet: Hapo umenishika. Sina jibu la haraka.

Mama Neema: Mimi niulize, kwa sababu sikusoma hayo ya 1978. Ni nani aliniambia niache kuagiza chakula cha ng'ombe kila Jumatatu?

Neema: Mama, hiyo ni daftari tu.

Mama Neema: Aliandika kila anayenunua, siku gani, mifuko mingapi. Akanionyesha wateja wangu wanalipwa maziwa mwisho wa mwezi, basi wananunua wiki ya kwanza, baadaye ni chumvi na dawa tu. Nikabadilisha kuagiza. Tangu hapo sijatupa mfuko ulioshika ukungu.

Fredi Kisumu: Subiri kidogo. Wateja wako ni wafugaji wa maziwa?

Mama Neema: Wengi wao.

Fredi Kisumu: Neema. Ushirika wa WAFUGAJI wanatafuta mtu wa TAKWIMU.

Neema: Nitawaambia nini, kwamba nilichora mistari kwenye daftari la shule?

Fredi Kisumu: Ndiyo! Libebe! Hao wengine watakuja na R, nani atakuja na ng'ombe?

Baba Mdogo: Nimetoka ibada sasa hivi, nasoma kutoka juu. Neema, wamekuitisha zile hati?

Neema: Tangazo linataka za HELB (mkopo wa chuo), KRA (ushuru), CRB (rekodi ya madeni), EACC (ufisadi) na cheti cha polisi. Cha polisi pekee ni 1,050.

Baba Mdogo: Usilipe hata shilingi kwanza. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri hapaswi kukudai hizo hati mpaka awe anakusudia kukuandikia mkataba. Nenda na vyeti vya shule na kitambulisho. Wakikuuliza, sema kwa heshima kwamba utaleta wakikupa barua.

Neema: Sikujua. Na HELB je? Mwaka mmoja baada ya kumaliza unakaribia.

Baba Mdogo: Riba ni asilimia 4, haitakuua. Kinachouma ni faini ya 5,000 kwa mwezi ukikaa kimya. Waandikie mapema hali yako. Njoo kwangu Jumanne tuiandike.

Mjomba Kiti: Nauli ya Njoro ni yangu. Kwenda na kurudi.

Kukhu: 🎤 0:52

Brayo: Natafsiri kwa wasio na bando: Kukhu anasema aliskia "maziwa". Anauliza kama hao watu wananunua mpaka Butere, ng'ombe wake amezaa.

Senje Lanet: 😂 Kukhu ameshaajiriwa.

Fredi Kisumu: Haya, tufanye mazoezi. Mimi ni meneja, nina kitambi. Binti, mbona maziwa yetu hupungua Januari na Februari?

Neema: Ni kiangazi, nyasi zimeisha. Lakini si hilo tu. Januari ni karo, kwa hivyo mfugaji anapunguza chakula cha kununua ili alipe shule. Kwenye daftari mifuko inashuka wiki ile ile shule zinafunguliwa. Mkiwapa chakula kwa mkopo Desemba, mkate pesa kwenye maziwa ya Machi, sidhani yatashuka hivyo. Ningeanza na wafugaji wachache nione kwanza, kwa sababu duka moja halitoshi kusema ni hivyo kila mahali.

Mjomba Kiti: Eh.

Baba Mdogo: Eh kweli.

Neema: Sijasema naenda.

Senje Lanet: Hatujakuuliza. Fredi, swali la pili.