Tupeane uzoefu: ulikosa nafasi ya udaktari, ukabadilisha nini kabla ya kuomba tena?

Dada wa Lanet
Hamjambo wote. Nyumbani kwetu Nakuru siku hizi kuna kikao kila Jumapili baada ya chakula, na ajenda ni moja tu: mdogo wangu. Ana B+ ya pointi 71 kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, anataka udaktari, na KUCCPS, wale wa serikali wanaogawa nafasi za vyuo, imemwacha tena. Mara ya kwanza alijaza udaktari kwenye kila nafasi. Mwaka uliofuata akajaza vivyo hivyo, vyuo vile vile, kwa hivyo hana hata kozi ya kukataa. Baba anataka arudi Form Four. Mama anataka KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Shangazi aliye Kampala anasema avuke mpaka mambo yaishe.

Tafadhali msituambie Mungu ana mpango. Hilo tunalijua, na tumeshaombewa hata na watu tusiowajua. Waliokosa kisha wakapata watueleze ni nini hasa kilibadilika hapo katikati. Waliopita njia nyingine pia karibuni.

Fundi wa Namba
Dada, kabla Baba hajalipa karo ya mtu yeyote, shika kalamu.

Klasta ya udaktari ni masomo manne: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Yote yakiwa A, pointi 12 kila moja, ni 48. Halafu kuna jumla ya masomo saba, upeo wake 84. Gawanya klasta yako kwa 48, gawanya jumla yako kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Hujataja klasta yake. Tuseme ni 41, na jumla ndiyo hiyo 71: anapata karibu 40.8. Akipandisha Historia kutoka B hadi A-, yaani pointi mbili, jumla inakuwa 73 na anafika 41.4. Akipandisha Kemia kwa kiasi hicho hicho, klasta nayo inapanda hadi 43 na anafika 42.4. Cheti bado kinasoma B+ katika hali zote mbili! KUCCPS yenyewe huingiza fahirisi ya ufaulu ya kila somo, kwa hivyo desimali zake hazitalingana na zangu, ila mwelekeo ni huo.

Sasa ingia kwenye tovuti yao, weka namba hiyo kando ya kata-pointi (alama ya mtu wa mwisho aliyepokelewa) ya mwaka uliopita ya kila chuo. Watu wanajaza Nairobi na Moi kwa sababu ya jina, kana kwamba Maseno, Egerton na Kisii hazifundishi madaktari.

Jirani wa Nyalenda
Mimi nilirudia KCSE, na sasa niko Maseno, nazunguka wodi za pale Russia (JOOTRH, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, kwa wasio wa Kisumu). Lakini siungi mkono kurudia kwa kila mtu. Kurudia kuna faida ukijua ni karatasi gani iliyokuangusha.

Nilimrudia mwalimu wangu wa Kemia nikamuuliza nilipotelea wapi. Akaniambia, "Wewe nadharia unaijua. Mikono ndiyo haijui." Karatasi ya tatu, ile 233/3 ya vitendo, ina alama 40, na zote 40 zinaingia kwenye alama ya mwisho kama zilivyo. Zile karatasi mbili za nadharia zina 160, lakini zinashushwa hadi 60. Yaani nilikuwa nakesha na vitabu huku arobaini nzima imelala maabara.

Shule moja ya kutwa ilinikubali, nikavaa sare tena na watoto wakaniita Guka, yaani babu. Ijumaa jioni fundi wa maabara alikuwa ananiachia bureti moja, ule mrija wa kupimia wenye koki. Jedwali la titresheni, lile jaribio la kudondosha kimiminika hadi rangi ibadilike, lina alama zake za wazi: kulijaza lote, desimali zilingane, usomaji wako ukaribiane na wa mwalimu, wastani, na jibu. Ukiwa ndani ya 0.1 ya usomaji wa mwalimu, alama ni yako. Tabia yangu ilikuwa kufungua koki kwa pupa, rangi inaruka kutoka maji matupu hadi waridi kali, na hapo umeshapitiliza. Fundi akanionyesha jinsi ya kuacha nusu tone lining'inie kwenye ncha, ulipanguse kwa ukuta wa chupa, utikise, usubiri. Waridi hafifu lililobaki bila kupotea, simama hapo.

Mawili ya kujua. KUCCPS inasoma matokeo ya mtihani mmoja, huwezi kuunganisha Kemia mpya na Biolojia ya zamani, kwa hivyo masomo yote unayabeba upya. Na darasa la mwisho la 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondoka, linafanya KCSE mwaka 2027. Mwenye kutaka kurudia asiseme "tutaona mwaka ujao".

Mama Pendo
Wetu tulimlazimisha arudie, akashuka hadi B. Hakuwa mvivu, alikuwa amechoka na sisi hatukumuuliza. Muulizeni mtoto mwenyewe kwanza.

Zamu ya Usiku
Nikisema nilianzia KMTC watu wananipa pole. Pole ya nini jameni? Nilisomea tiba ya kliniki, nikafanya mwaka wa mazoezi hospitalini, nikasajiliwa kama afisa wa kliniki, nikaanza kupokea mshahara Kakamega. Kabla ya hapo nilikuwa nimeomba udaktari wa kujilipia, barua nikapata, karo nikakosa. Nikaomba tena bila pesa, sijui nilitarajia nini.

Kilichonifungulia mlango baadaye ni diploma yenye kredit. Wenzangu waliopata pasi tu walirudishwa. Tena chuo kilidai cheti cha KCSE na kukisoma somo kwa somo, kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba diploma inafuta alama mbaya ya Biolojia. Ukipanga kupanda, panga tangu muhula wa kwanza wa KMTC, si siku ya kufuzu.

Na hupewi mkato. Mimi nilianza mwaka wa kwanza, miaka sita mbele yangu, nimekaa dawati moja na vijana waliozaliwa nikiwa sekondari. Kwenye Anatomia walinipita vizuri tu. Tulipoingia wodini mambo yakageuka: wao wanatafuta mshipa, mimi tayari nafunga plasta.

Ila sitamshauri mtu aende KMTC kama ngazi tu. Kazi ya afisa wa kliniki ni kazi kamili. Vituo vingi vya afya huku kwetu, anayemwona mgonjwa ni yeye, si daktari. Kama huitaki kwa jinsi ilivyo, mpe nafasi anayeitaka.

Dada wa Lanet
Kaka, ulisoma ukiwa na familia?

Zamu ya Usiku
Na watoto wawili. Mke wangu ni mwalimu wa chekechea. Yeye ndiye aliyekuwa HELB yangu, bodi yangu ya mikopo ya masomo.

Omogusii wa Minnesota
Huku mambo ni mengine kabisa, msije mkachanganya. Marekani udaktari si kozi ya kutoka sekondari. Unamaliza digrii ya kwanza, unafanya mtihani wa MCAT ambao alama zake zinaanzia 472 hadi 528, ndipo unaomba, na ukipata ni miaka minne. Nilihamia huku kwa makaratasi ya familia kutoka Kisii, nikasoma huku nikifanya kazi kwenye nyumba ya wazee.

Mara ya kwanza nilituma maombi karibu na tarehe ya mwisho nikijiona nimewahi. Vyuo vingi vinaita watu kwenye mahojiano kadiri fomu zinavyoingia. Fomu hufunguliwa Mei na kuanza kupokelewa wiki chache baadaye, kwa hivyo anayetuma Oktoba amefika matangani sufuria zikioshwa.

Nilipokosa niliviandikia vyuo kuuliza upungufu wangu. Vingi vilinyamaza. Kimoja kilinipigia, na yule mama hakunizungusha: alama zako za kusoma na kuchambua makala ziko chini, na insha yako ingeweza kuandikwa na mtu yeyote. Insha yenyewe ni herufi 5,300, nafasi zikihesabiwa. Yangu ilianza na "tangu utotoni nimependa kusaidia watu", ikaendelea hivyo hadi chini.

Niliifuta yote. Nikaandika juu ya mzee mmoja aliyekuwa anakataa kuogeshwa, wafanyakazi wanaandika "mkaidi" kwenye faili yake kila siku. Kwetu Gusii mtoto hamwoni baba yake uchi, kwa hivyo aibu ya yule mzungu niliifahamu kabla hajaisema. Nikaanza kumfunika kwa taulo kuanzia shingoni, namwosha sehemu moja baada ya nyingine, uso wangu nimeugeuza. Akakubali. Kwenye mahojiano hawakuniuliza kingine ila hilo. Kuhusu makala, nilikuwa nasoma moja ngumu kila siku, ya falsafa au sanaa, vitu nisivyovipenda, kisha najieleza kwa sauti mwandishi anadai nini.

Neno kwa Baba, endapo Marekani itaingia kwenye kikao: vyuo vingi vya udaktari huku havipokei kabisa mwanafunzi aliyekuja kwa viza ya masomo. Msiuze shamba kwa ndoto hiyo.

Binti Busia
Shangazi ana hoja, Uganda kozi ni miaka mitano. Lakini Form Four ya Kenya si Senior Six ya kule. Cheti cha KCSE kinapelekwa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kulinganishwa, na kwa udaktari unahitaji kiwango cha A-Level.

Sisi tulipata ajenti mjini, simtaji, aliyesema ana "nafasi ya moja kwa moja". Risiti yake ilikuwa ukurasa wa kitabu cha duka, jina la chuo halipo popote. Mama akasema kabla ya kuongeza shilingi twende tukaone. Tukapanda basi, tukavuka Busia, karani wa usajili akatafuta jina langu mpaka akatuonea huruma.

Niliingia Senior Five huko huko, nikakaa miaka yangu miwili, nikaomba upya kwa alama za Uganda. Kabla ya kulipa nilihakikisha kwanza kwamba chuo kinatambuliwa na KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, kwa sababu siku ya kurudi nyumbani kufanya kazi ndio watakaonisajili. Ajenti hakuwa amegusia hilo hata siku moja.

Dada wa Lanet
Asanteni sana, nimesomea familia yote kwa sauti. Fundi, umeotea: klasta yake ni 41 kamili. Baba sasa amekubali hesabu, na anasema tatizo ni Fizikia, ana C+. Ametafuta mwalimu wa tuisheni ya Fizikia aanze Jumatatu.

Fundi wa Namba
Subiri kidogo. Hisabati ana nini? Na Kemia?

Dada wa Lanet
Hisabati A-. Kemia B. Alifanya masomo manane.

Fundi wa Namba
Basi msimamisheni huyo mwalimu kabla hajafika. Klasta inachukua moja kati ya Hisabati na Fizikia, ile iliyo bora, na A- imeshakaa hapo. Kwa masomo manane, kama hiyo C+ ndiyo ya chini kabisa, basi ni ya nane, hata kwenye ile 71 haimo. Pesa ya Fizikia ipelekeni kwenye Kemia.

Jirani wa Nyalenda
Kwenye maabara ya Kemia. Na kabla ya kulipa ulizeni kama bureti zao hazivuji.