Ekzosi (bomba la moshi) inaunguza abiria, nifanyeje?

Wakuu, habari zenu. Naendesha bodaboda kati ya Mbagala na Kariakoo, na juzi mama mmoja aliyevaa kitenge aliungua kigimbi alipokuwa akishuka upande wa kulia; jambo hili limeniumiza sana. Nifanyeje?

Jibu: Mpe pole. Funga bati la kinga lenye matundu, ukiacha nafasi ya upana wa kidole, kwa kuwa hewa inayopita hapo ndiyo inayozuia joto, ilhali bati linalogusa bomba huunguza vilevile.

Jibu: Utepe wa nyuzi za kioo wa kuzungushia bomba husaidia pia, ila hushika maji ya masika na bomba likaliwa na kutu. Kagua kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, maana petroli ikipungua mno kwenye mchanganyiko, joto huzidi.

Muulizaji: Nashukuru. Kuanzia leo abiria wangu watashukia kushoto.