Probox inachemsha kwenye foleni, thamostati imeng'olewa

Swali
Wakuu, Probox yangu ya injini ya 1NZ ikikaa foleni taa nyekundu ya joto inawaka, ikitoka barabara kuu inapoa. Fundi kang'oa thamostati (vali inayofungulia maji ya injini yakishapata moto), eti huku kwetu kwenye joto haihitajiki. Bado inachemsha, na asubuhi taa ya bluu ya injini baridi inachelewa kuzima. Nataka kuirudisha mwenyewe. Nianzie wapi?

Jibu la 1
Anza na feni, mkuu. Gari inayochemsha ikisimama na kupoa ikikimbia mara nyingi imekosa upepo. Washa injini, washa AC: feni ya rejeta lazima izunguke. Ikigoma, angalia fyuzi, badilisha rilei (swichi ya umeme ya feni) na nyingine ya aina ileile humo boksini, kisha chomoa soketi ya feni uipe umeme wa betri moja kwa moja. Ikizunguka kivivu, brashi za mota zimeisha. Kama AC inaiwasha ila joto la injini haliiwashi, shuku sensa ya joto la maji.

Jibu la 2
Thamostati nayo irudi. Bila hiyo injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta na kulika mapema.

Injini iwe baridi kabisa. Fungua kizibo cha chini cha rejeta, kinga kwa beseni. Fuata mpira wa chini wa rejeta mpaka unapoingia kwenye injini, utakuta nati mbili za spana namba 10, thamostati inakaa hapo ndani. Nunua thamostati ya nyuzi 82 pamoja na mpira wake wa duara. Ijaribu kwanza kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto: inatakiwa ianze kufunguka kati ya 80 na 84. Kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, hewa inatokea hapo. Nati usizikaze kwa hasira, Nm 9 za spana ya kupimia mkazo zinatosha.

Jaza nusu kulanti (dawa ya kupoozea injini), nusu maji ya betri (yale yasiyo na asidi), jumla kama lita 5. Maji ya kisima yana chumvi, yanaziba mirija ya rejeta.

Jibu la 3
Usisahau kutoa hewa, wengi wanakwama hapa. Inua pua ya gari, hita weka kwenye moto wa mwisho, acha mfuniko wa rejeta wazi tangu injini ikiwa baridi. Washa, minya mpira wa juu, ongeza maji yanaposhuka, mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Mapovu yasiyokoma, au mpira wa juu kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, hapo shuku gasketi ya silinda hedi (inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini).

Ila kabla hujafungua hedi badilisha mfuniko wa rejeta, weka wenye alama 1.1. Springi ya mfuniko ikilegea, maji yanamwagika kwenye chupa ya akiba na watu wanasingizia gasketi.

Muuliza swali
AC nimewasha, feni kimya. Kwa betri inazunguka kwa nguvu. Fyuzi nzima.

Jibu la 1
Basi mota nzima. Badilisha rilei. Ikigoma bado, pima kwa taa ya kujaribia kama umeme unafika kwenye soketi ya feni AC ikiwa imewashwa. Na waya wa hasi usafishe pale ulipofungwa kwenye bodi, kutu hukata mzunguko.