Naomba ushauri: kustaafu na kuhamia mji mdogo wa pwani ulio mbali

Ndugu zangu, naombeni ushauri. Mimi na mwenzi wangu tunakaribia kustaafu tukiwa bado na afya njema, tunaogelea na kutembea mwendo mrefu, na tumevutiwa na wazo la kuhamia mji mdogo wa pwani ulio mbali na miji mikubwa.

Kinachonisumbua zaidi ni matibabu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa mgonjwa wa kiharusi kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya kupigwa picha ya ubongo. Sasa, mtu anayeishi mwendo wa saa kadhaa kutoka hospitali yenye kipimo hicho, hasa barabara ikikatika wakati wa dhoruba, anajipangaje? Leo tuna nguvu, lakini uamuzi huu ni wa miaka mingi, na huenda mmoja wetu akabaki peke yake akiwa hawezi tena kuendesha gari.

Kuhusu nyumba, naelewa kuwa hewa ya chumvi hula mabati na misumari, hivyo matengenezo hayakwepeki. Mwenzi wangu anataka tununue mara moja. Mimi naona heri tupange nyumba huko kwanza kwa mwaka mzima, ili tuuone na msimu ambao watalii wameondoka.

Mliokwisha kuhama, je, mlipata shughuli na marafiki wa kweli, au mmebaki kuwa wageni? Na nyumba ya sasa tuiuze, au tuipangishe kwanza?